Kijani kibichi, samaki mbovu

Mtu akiiacha barabara kuu ya Likoni na Lunga Lunga baada ya kuipita Msambweni, akateremka upande wa bahari, hufika Bodo, kijiji cha wavuvi kinachotazamana na kisiwa cha Funzi. Hapo ndipo watu wa Funzi hushuka kutoka mashuani, na hapo ndipo tafi, changu, pono, pweza na kamba wa ghuba ile hupimwa, hubishaniwa bei na kupakiwa kwenda Ukunda na Diani. Nilikwenda huko mara ya kwanza kwa kazi isiyohusiana na samaki. Nilikuwa nikikusanya maneno ya Chifundi, lahaja ya Kiswahili inayozungumzwa katika vijiji vya ufuo huo. Lakini mtafiti wa lugha akikaa bandarini siku nyingi huishia kuyasikiliza yale wanayoyajali wenyeji, na watu wa bandarini wana swali moja linalotangulia mengine yote: je, samaki huyu angali mzuri au ameanza kuharibika?

Asubuhi moja mchuuzi kijana aliyetoka mjini alimwinua changu kwa mkia, akamrudisha mezani na kusema, "Huyu wa jana, mama." Mama aliyekuwa akiuza hakupandisha sauti. Alilifungua shavu la samaki kwa kidole gumba, akamwonyesha wekundu wa ndani, akasema, "Wa jana huyu, mwanangu? Wa jana ana damu hii?" Kijana akatazama, akanyamaza, kisha akaitaja bei ile ile aliyoitaja tangu mwanzo. Mama akaipokea, kwa kuwa jua lilikuwa limekwisha panda na barafu haikuwapo.

Tukio hilo dogo limenirudia akilini kila niliposoma habari za utando unaobadili rangi. Watafiti wa nchi nyingi, hasa Uchina, Brazil, India na Iran, wamekuwa kwa miaka kadhaa sasa wakitengeneza karatasi nyororo, au tuseme utando, unaowekwa ndani ya pakiti ya samaki ili umweleze mnunuzi hali ya samaki bila kuifungua pakiti. Samaki akiwa mzuri utando huwa na rangi moja. Akiharibika, rangi hugeuka mbele ya macho. Mimi si mkemia, na msomaji aliye mwalimu wa kemia anisamehe nitakapoeleza mambo kwa lugha ya mtu wa fasihi na isimu. Hata hivyo, msingi wa jambo lenyewe si mgumu.

Katika nyama ya samaki wa baharini mna kemikali inayomsaidia samaki kuishi katika maji ya chumvi. Samaki akishakufa, bakteria huivunja kemikali hiyo na kuigeuza trimethilamini, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya ile harufu ambayo sisi watu wa pwani huiita shombo. Kadiri bakteria wanavyoongezeka, ndivyo gesi hiyo, pamoja na amonia na jamaa zake, inavyoongezeka. Gesi hizi zina tabia ya besi, yaani kinyume cha asidi. Sasa, yapo matunda, maua na mboga zenye rangi iitwayo anthosianini: kabichi la zambarau, viazi vitamu vya zambarau, ua la choya, na kadhalika. Rangi hiyo huwa nyekundu katika asidi, hugeuka zambarau na buluu asidi inapopungua, kisha huwa kijani na hatimaye manjano besi inapozidi. Ukiichanganya rangi hiyo na kitu kinachoweza kutandazwa kikauke kama karatasi, unapata utando unaoipokea harufu ya samaki na kuijibu kwa rangi.

Mwaka 2020 watafiti wa Brazil walichapisha maelezo ya utando wa aina hiyo uliokusudiwa kuchunguza hali ya kamba. Rangi yake waliitoa katika tunda la zambarau. Sehemu ya mwili wa utando wenyewe ilikuwa kitosani, na kitosani kwa kawaida hutengenezwa kwa maganda ya kamba na kaa. Nilipoyasoma hayo niliiweka kalamu chini. Mzambarau hapa kwetu pwani ni mti wa uani, na watoto wa Bodo hurudi nyumbani na ndimi za zambarau kila msimu bila kumwomba mtu ruhusa. Maganda ya kamba na kaa tunayatupa. Kamba mwenyewe tunamvua katika maji ya mikokoni. Vitu vitatu vinavyohitajiwa vyote viko kijijini, na bado, ikiwa mambo yatakwenda kama yalivyozoea kwenda, utando huo utatufikia siku moja ndani ya katoni kutoka ng'ambo, ukiwa na maelezo ambayo mama wa Bodo hawezi kuyasoma.

Hapa ndipo jambo hili linapoingia katika shamba langu. Lugha yetu imeziita rangi nyingi kwa majina ya vitu. Kijani ni jani, kijivu ni jivu, kahawia ni kahawa. Zambarau ni tunda na ni rangi. Manjano ni kiungo cha mchuzi na ni rangi. Brent Berlin na Paul Kay, wataalamu wa Marekani waliochapisha mwaka 1969 kitabu mashuhuri kuhusu majina ya rangi, na ambao Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha ishirini walizozichunguza kwa kuwahoji wasemaji wake, waliyatilia shaka majina ya namna hiyo. Kwao jina la rangi ambalo bado ni jina la kitu lilikuwa kama mgeni asiyestahili kuketi katika safu ya mbele. Sitaki kuufufua mjadala huo hapa. Nataka tu kusema kwamba safari hii vitu vyenyewe vimerudi kudai haki yao, maana zambarau ya tunda ndiyo inayofanya kazi katika utando, na manjano nayo hufanya kazi ya jinsi hiyo hiyo. Mama yeyote aliyepata kuifua kanzu iliyodondokewa na mchuzi wa bizari anajua kwamba doa la manjano likiguswa na sabuni hugeuka jekundu. Sabuni ni besi. Watafiti wametengeneza tando za manjano kwa ajili ya samaki kwa kuitegemea siri ile ile ya beseni la kufulia.

Kwa hiyo maarifa haya si mageni kwetu kama yanavyodhaniwa. Kigeni ni namna yatakavyosemwa, na hapo nina hofu ya kweli ambayo wakemia hawatakuwa nayo.

Fikirieni utando wa zambarau uliowekwa ndani ya sanduku la samaki. Samaki ni mzuri, utando una rangi ya zambarau iliyokaribia waridi. Samaki anaharibika, utando unaelekea buluu, kisha kijani. Basi mwambieni mtoto wa darasa la sita asome: kijani. Kijani katika taa za barabarani humaanisha pita salama. Kijani katika pakiti za vyakula huashiria kitu cha asili, kisicho na madhara. Na katika Kiswahili kuna zaidi ya hayo, kwa sababu kijani iliyokolea tunaiita kijani kibichi. Utando basi utakuwa kijani kibichi wakati hasa ambapo samaki ameacha kuwa mbichi. Mtu aliyeulea ulimi wake katika lugha hii ataambiwa na jicho lake jambo moja na na karatasi ya maelezo kinyume chake, tena juu ya chakula kinachoweza kumlaza hospitalini. Huyo atakayekosea tutamwita mjinga, ilhali atakuwa ameisoma rangi kwa usahihi kabisa katika lugha yake.

Neno mbichi nalo lina matatizo yake. Waingereza wana neno moja ambalo wao hulitumia kwa samaki aliyetoka majini sasa hivi, na wafasiri wetu hulitafsiri haraka haraka kuwa mbichi. Lakini bichi katika Kiswahili ni kinyume cha vitu vitatu: embe bichi si bivu, nyama mbichi haijapikwa, udongo mbichi haujakauka. Samaki aliyeoza, maadamu hajatiwa chunguni wala kuanikwa akawa ng'onda, kisarufi angali mbichi. Yule atakayeandika juu ya pakiti "kionyesha ubichi" atakuwa hakusema kitu. Watu wa bandarini wanalijua hilo, na ndiyo sababu hawaulizi kama samaki ni mbichi. Huuliza, "Ni wa leo?" Wana samaki wa leo, samaki wa jana, na samaki wa barafu. Wanampima kwa wakati, na kwa wakati huo wana hekima nyingi: jicho lililotuna na kung'aa au lililozama na kupata ukungu, shavu jekundu au la kahawia, nyama inayorudi kidole kinapoibonyeza au inayobaki na shimo, utelezi ulio safi au mzito wenye kunuka.

Lakini hata kipimo cha leo na jana kina upungufu, na hapo utando ungesaidia. Samaki wa jana aliyezikwa vizuri katika barafu huweza kuwa bora kuliko samaki wa leo aliyelala juani tangu saa mbili hadi saa saba. Samaki wa bahari zetu za joto akiwekwa katika barafu ya kutosha tangu anapotolewa majini huweza kudumu wiki mbili na zaidi. Akiachwa katika joto la mchana wetu, siku moja ni nyingi. Yule kijana mchuuzi aliposema "wa jana" alikuwa akitumia neno la wakati kushusha bei ya kitu ambacho hali yake ilikuwa njema. Utando haujui leo wala jana. Unajua hali tu.

Je, yawezekana rangi kusomwa bila kutajwa jina? Inawezekana, na tumekwisha kuifanya. Tangu mwaka 1996 chupa za chanjo ya polio zilianza kubandikwa kibandiko kidogo chenye duara na ndani yake mraba. Mraba huanza ukiwa mweupe kuliko duara. Joto likiipata chupa, mraba huiva rangi polepole. Ukifikia weusi wa duara au kuupita, chanjo hutupwa. Baadaye vibandiko hivyo vilienea katika chanjo nyingine. Muuguzi wa zahanati ya kijijini huvisoma bila kuhitaji kuambiwa rangi ile inaitwaje kwa Kiingereza au kwa Kidigo. Anachouliza ni swali moja tu: mraba umelifikia duara au bado? Huo ni usanii wa watu waliokumbuka kwamba atakayesoma si yule aliyebuni. Utando wa samaki ukipewa duara lake pembeni, lenye rangi ya samaki asiyefaa, mama wa Bodo ataweza kuusoma pamoja na hotelia wa Diani, na mtu ambaye macho yake hayatofautishi nyekundu na kijani, nao wapo wengi hasa miongoni mwa wanaume, hataachwa nje.

Sipendi niwadanganye wasomaji kwamba utando huu ni mganga wa kila ugonjwa. Gesi huhitaji kufungiwa ndipo ipimwe. Meza iliyo wazi katika upepo wa kusi haitauambia utando lolote. Rangi za matunda hupauka kwa jua na joto, na unyevu mwingi huzivuruga. Tena utando hupima hewa ya sanduku zima wala haumnyoshei kidole samaki mmoja, kwa hiyo methali yetu ya samaki mmoja akioza inakuwa kweli kwa namna ambayo wahenga hawakuikusudia. Jambo lililo zito zaidi ni hili: jodari, nguru, vibua na jamaa zao, wakikaa katika joto, hujenga sumu iitwayo histamini. Sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa, wala haipandi hewani kama shombo. Samaki anaweza kuwa nayo ya kutosha kumwasha mtu mwili, kumvimbisha uso na kumuumiza kichwa, na utando ukabaki na rangi yake ya zambarau kana kwamba hapana neno. Dawa ya histamini ni barafu tangu dakika za kwanza. Hakuna rangi iliyo badala ya barafu.

Pamoja na hayo, rangi ya utando ina heshima moja ambayo rangi ya chakula chenyewe imeipoteza. Mwaka 2019 kituo kimoja cha runinga mjini Nairobi kilitangaza uchunguzi uliodai kwamba nyama katika baadhi ya maduka makubwa ilikuwa ikitiwa kemikali ili ionekane nyekundu na mpya, na kwa majuma kadhaa wanunuzi walisimama mbele ya vioo vya mabucha wakiwa hawajui waamini nini. Katika biashara ya dunia kuna jodari wanaopigwa gesi ya kaboni monoksidi ili minofu yao ibaki myekundu hata siku zikipita. Jumuiya ya Ulaya imeipiga marufuku desturi hiyo, Marekani inaikubali. Jicho la binadamu, lililofunzwa na vizazi vingi kuuamini wekundu, limegeuziwa ujuzi wake mwenyewe. Utando hausomi wekundu, unasoma gesi. Kuudanganya kunawezekana, mathalani kwa kubandua wa zamani na kubandika mpya, ila ni kazi ngumu kidogo kuliko kupaka rangi.

Swali kubwa, kwa maoni yangu, ni nani atakayeushika. Turudi mezani kwa yule mama. Kijana aliuona wekundu wa shavu kwa macho yake mawili, na bei haikupanda. Hakukosa ushahidi. Alijua tu kwamba mama hana barafu, na asiye na barafu hana saa za kusubiri mnunuzi mwingine. Katika bandari nyingi za pwani yetu mvuvi hufungamana na tajiri aliyemkopesha nyavu au mashine ya boti, na samaki huenda kwa tajiri huyo kwa bei anayoitaka yeye. Ukiuleta utando katika mpango huo bila kubadilisha kingine chochote, utakaa mkononi mwa mnunuzi. Ukiwa zambarau, atanyamaza. Ukianza kuelekea buluu, atautoa mfukoni na kuuonyesha kila mtu.

Na samaki anayekataliwa huenda wapi? Wageni wa Diani hawatamla, na hiyo ni haki yao. Lakini samaki aliyekataliwa na hoteli hatoweki duniani. Hushuka bei na kwenda kwa mama karanga, wale wanawake wanaonunua samaki wadogo na waliobaki, wakawakaanga na kuwauza jioni kando ya njia. (Jina lao, kwa walio mbali na pwani, halihusiani na njugu, linatokana na kukaranga, yaani kukaanga kwa mafuta.) Mafuta ya moto huua bakteria wengi na huficha harufu nyingi, ila kama nilivyosema, histamini hayaiwezi. Walaji wa samaki huyo ni wavuvi wenyewe, waendesha bodaboda na watoto wanaotoka shule. Kwa maneno mengine, chombo kilichobuniwa kuwalinda walaji kinaweza, kwa unyofu kabisa, kuwa chombo cha kuchuja: kilicho chema kiende barabara ya lami, kilichobaki kirudi Bodo. Kama hakuna barafu ya kupunguza kiasi cha samaki wanaoharibika, utando utabadilisha tu njia ya kuwagawa.

Tuliwahi kuonja jambo la jinsi hii katika Ziwa Victoria. Januari 1998 Jumuiya ya Ulaya ilizuia samaki wabichi kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Msumbiji kwa hofu ya kipindupindu, ingawa Shirika la Afya Duniani lilisema hatari yake ilikuwa ndogo. Mwaka 1999 ukaja mzuio mwingine kwa hofu ya sumu za kuulia wadudu. Viwanda vya sangara vilikosa soko, na aliyeumia mapema ni mvuvi wa ufukoni, ambaye hukumu ilimfikia kama kushuka kwa bei tu, bila ya yeye kuonyeshwa kipimo kilichotumika wala kuelezwa kwa lugha anayoijua kosa lilikuwa wapi. Sidai kwamba vipimo vile havikuwa na sababu. Nadai kwamba mtu akihukumiwa kwa kipimo asichoweza kukisoma, hawezi kujirekebisha wala kujitetea.

Katiba yetu ya mwaka 2010 inasema, katika kifungu cha 7, kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa na ni mojawapo ya lugha rasmi. Na kifungu cha 46 kinampa mlaji haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike na bidhaa anayoinunua. Vifungu hivyo viwili vikisomwa pamoja, naona vinatosha kumtaka yeyote atakayeleta utando wa samaki katika soko la Kwale aje na maelezo ya Kiswahili yaliyojaribiwa kwanza mbele ya mama karanga, si mbele ya mfasiri aliyeketi ofisini Nairobi. Vikundi vya usimamizi wa fuo, ambavyo tangu kanuni za mwaka 2007 vimepewa kazi ya kuangalia bandari za uvuvi, vingeweza kuuweka utando wa kwanza katika sanduku la kikundi, upande wa muuzaji, kabla mnunuzi hajafika. Na kabla ya utando, barafu. Serikali ya kaunti ikiwa na shilingi za kitu kimoja tu, na inunue mtambo wa barafu; utando utasubiri.

Ninyi walimu mna sehemu yenu, na haihitaji kusubiri serikali yoyote. Somo la asidi, besi na viashiria lilikuwamo katika kemia ya kidato cha kwanza kwa miaka mingi, likiwa na zoezi la kutengeneza kiashiria kwa maua au mimea, na mtaala wa umilisi nao umelipokea katika sayansi ya sekondari msingi. Aghalabu zoezi hilo hufanywa kwa ua lolote lililo karibu na uzio, rangi inageuka, wanafunzi wanashangaa, kengele inalia. Haliungwi na samaki hata mara moja, ilhali nusu ya darasa wanatoka nyumba za wavuvi. Tena hufunzwa kwa Kiingereza peke yake, kana kwamba Kiswahili hakina maneno ya kuyasema hayo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilichapisha tangu mwaka 1990 kamusi ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia. Maneno yapo, tuliyoyakosa ni mazoea.

Nimelijaribu jambo hili mwenyewe jikoni kwangu, na jaribio lenyewe halikuhitaji maabara. Nilichemsha maganda ya zambarau katika maji kidogo, nikachuja, nikachovya vipande vya karatasi nyeupe inyonyayo maji, nikavikausha kivulini. Vilipokauka vilikuwa na rangi ya zambarau iliyofifia. Kipande kimoja nilikining'iniza ndani ya mtungi wa kioo juu ya vichwa viwili vya tafi, nikaufunga. Kingine nikakiweka katika mtungi mtupu ili kiwe cha kulinganishia. Mitungi ilikaa juu ya kabati usiku kucha katika joto letu la kawaida. (Mwalimu atakayefanya hivi shuleni asiwaruhusu wanafunzi kumla samaki huyo, na asiufungulie mtungi ndani ya darasa, kwa sababu nilizozijua mimi kulipopambazuka.)

Asubuhi kipande kile kilichokaa na samaki kilikuwa kimegeuka, na mwenzake hakikugeuka. Ndipo ubishi ulipoanza. Mimi niliona kijani chenye ukijivu. Jirani yangu, mtu wa makamo aliyewahi kuvua Funzi, alisema ni buluu, tena akashangaa kwamba mwalimu wa lugha haioni buluu. Mtoto wangu wa darasa la tano alisema ni rangi ya maji ya mkokoni. Tulipoviweka vipande viwili ubavu kwa ubavu, hapana aliyebisha tena kuwa kimoja kimegeuka, na jirani akasema kwamba samaki wa mtungi ule yeye hamnunui hata kwa nusu bei.

Vipande vyote viwili nimevibandika katika daftari, na vyote vimekwisha kupauka. Zambarau zitaiva tena. Mwalimu atakayelijaribu zoezi hili pamoja na wanafunzi wake, awe Msambweni, Vanga au kwingineko, ningependa aniandikie kupitia kwa mhariri, anieleze neno la kwanza walilolitamka wanafunzi rangi ilipogeuka, kabla yeye hajawaambia jina lake.